Nyuzi Tatu Nene

Tusidanganyane, Asumpta hakuwa mtu wa kutulia hata siku za amani. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, vidole vinagonga chochote kilicho karibu, iwe meza, ukuta au bega la mteja anayepimwa gauni. Mafundi cherehani wenzake pale Majengo walishamzoea. Lakini wiki ile ya mwisho wa Mei hata wao walianza kutazamana. Jumatatu alijiunguza kidole kwa pasi. Jumanne alimshonea mama mmoja blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, na yule mama alipoivaa akajigeuzageuza mbele ya kioo, akauliza, "Fundi, hii umempima nani?"

Chanzo cha yote hayo kilikuwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma, siku ya kumzika baba yake, mzee Makarius, kule Matogoro, Asumpta alisimama mbele ya umati akilia kamasi na machozi, akatangaza: "Siku ya kusimika msalaba nitampigia baba 'Kasiana'! Nitaupiga kama alivyokuwa akiupiga yeye!" Watu wakapiga makofi, msibani! Mtu ukiwa na uchungu unaahidi hata visivyobebeka. Sasa mwaka ulikuwa umekwisha, msalaba wa saruji ulishamwagwa na kukauka, ndugu walishanunua kitenge cha sare, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Na Asumpta, mwenye miaka thelathini na minane, mpiga gitaa wa kwaya kwa miaka kumi na mitano, hakuujua mwanzo wa wimbo huo.

Si kwamba hakuujua wimbo. Maneno alikuwa nayo yote, na kipande cha katikati angeweza kukipiga huku amelala. Ni ule mwanzo. "Kasiana" ulikuwa wimbo wa bendi ya zamani, Luwegu Jazz, ambayo baba yake alipigia gitaa kabla Asumpta hajazaliwa, na Kasiana mwenyewe ndiye mama yake. Kanda ilikuwa moja tu, mtu aliirekodi ukumbini kwa redio kaseti, ndani yake unasikia viti vinaburutwa, mtu anakohoa, halafu gitaa. Gitaa linagonga mara nne, kavu, halafu panafunguka kitu. Kodi moja tu, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, lakini ni kodi isiyokaa kitako. Ni ya furaha, na hapohapo ina mtu anayetazama njia. Inaning'inia pale mpaka mwimbaji anaposema "Kasiana" na kuishusha.

Asumpta aliihamishia kanda kwenye simu, akaisikiliza mpaka mafundi wenzake wakaomba amani. Alijaribu kila mshiko aliowahi kuujua. Hakuna.

Na hapo ndipo palipomuuma, maana baba yake alikuwa hai miaka yote hiyo, tena nyumba moja naye. Alimfundisha gitaa akiwa na miaka saba. Siku ya kwanza alimkalisha barazani, akamwekea vidole vitatu kwenye nyuzi tatu nene za juu, akamwambia agonge mara nne kisha anyamaze ahesabu moja, mbili, tatu, nne. Wiki nzima ilikuwa hiyohiyo. Gonga mara nne, nyamaza. Kijidole cha mtoto kikiteleza kwenda kwenye nyuzi nyembamba, mzee anakipiga kikofi. "Zile nyembamba si zako," anasema. "Usiongeze kitu." Baadaye alimfundisha nyimbo za kanisani, akamruhusu nyuzi zote sita, lakini kila Asumpta alipomwomba "Kasiana", mzee alijifanya ana kikohozi. Akatoka nje. Akafa hajamfundisha.

Kaka zake hawakujua hata kushika gitaa, kwa hiyo haikuwa kwamba wao ndio waliopewa. Asumpta alijipa jibu lake mwenyewe, na lilikaa kifuani kama mwiba wa samaki: baba aliona wimbo wa dansi haumfai mtoto wa kike. Wa kanisani sawa, wa ukumbini hapana. Zile nyembamba si zako.

Jumanne jioni akaenda kwa Mwalimu Erasmus.

Mwalimu Erasmus alikuwa mtu wa Bukoba aliyeletwa Songea kufundisha hisabati, na ndiye aliyeongoza kwaya yao. Mtu nadhifu, kila kitu kwake kina namba. Alisikiliza kanda mara mbili, akakunja uso, akachukua chaki na kuandika kwenye mlango wa stoo yake, do, re, mi, fa, so, la, ti, do, re, kama ngazi kutoka chini kwenda juu.

"Dada Asumpta, ni hesabu tu," alisema. "Shika do. Ruka moja, chukua moja. Umeruka re, umechukua mi. Ruka fa, chukua so. Hapo una ile kodi ya kawaida ambayo kila mtu anaijua, haina shida na mtu. Endelea. Ruka la, chukua ti. Hapo sasa imeanza kuwa na maringo. Hiyo wanaiita meja seveni, kwa sababu ti ni ya saba. Ruka do ya juu, chukua re. Ya ngapi hiyo ukihesabu toka chini?"

"Ya tisa."

"Meja naini. Ndiyo hiyo ya baba yako. Do, mi, so, ti, re."

Asumpta alikuwa tayari ameshika gitaa. "Lakini sauti ni tano, Mwalimu, na vidole vyangu vinne."

"Tupa so. So haina kazi kubwa, masikio yanaijaza yenyewe. Piga do, mi, ti, re, nyuzi nne za katikati."

Akapiga. Ilikuwa nzuri, asikudanganye mtu. Ti ilikuwa inamkuna do mgongoni, na re inachungulia kwa juu. Mwalimu akatabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani. Asumpta akapiga tena, akaweka simu sikioni, akasikiliza kanda, akapiga tena. Mguu ukaanza kucheza.

"Si yenyewe," alisema.

"Sauti ni zilezile, dada."

"Najua ni zilezile. Lakini hii imekaa. Ile ya baba haijakaa, ile inaingia... sijui niseme nini. Hii ni ya mtu mmoja aliyetulia."

Mwalimu akamwambia tatizo ni kanda, kanda za zamani zinavuta sauti. Kwaheri ya kuonana. Asumpta akarudi Majengo kwa mguu, akipiga ile kodi hewani kwa mkono wa kushoto njia nzima, na watu wakimpisha.

Jumatano ndiyo siku alipoharibu kitenge cha mama.

Gauni la mama ndilo lilikuwa la mwisho katika sare za ukoo, na kitenge kilikuwa kimebaki kipande hicho tu. Mama Kasiana mwenyewe alikuwa amekuja kupimwa, amekaa kwenye kigoda, mwanamke mkavu wa miaka sitini na kitu, asiyesema neno kama kichwa kinaweza kutikiswa. Asumpta alikuwa anakata huku anahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, na mkasi ukapita pale ambapo haukutakiwa kupita. Akasimama akaangalia. Alikuwa amekata shingo kwenye upindo.

Akautupa mkasi. Akalia pale pale, mbele ya mafundi.

"Ala! Kitenge tu?" mama alisema.

"Si kitenge!" Asumpta alifoka. "Ni huyo mume wako! Kaniachia gitaa, kaninyima wimbo! Miaka thelathini namwomba, anakohoa! Kwa sababu mimi mwanamke, basi. Jumamosi nitasimama pale kama kigogo, watu wote wa Matogoro wananiangalia, na yeye yuko chini anacheka!"

Mama aliokota mkasi, akaufunga, akauweka mezani. Halafu akawaangalia mafundi wengine mpaka mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba hawajanywa chai.

"Nani kakwambia alikunyima?" alisema walipobaki wawili. "Utamnyima mtu kitu usichonacho? Baba yako wimbo ule hakuwa nao. Alikuwa na nusu."

"Nusu gani, mama? Alikuwa mpiga gitaa."

"Walikuwa wapiga gitaa wawili. Yeye na Majidi, wa kule Namtumbo. Umewahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu?"

Asumpta hakuwahi. Mama akamweleza, kwa kukatakata, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku lililokaa muda mrefu. Luwegu Jazz waliitwa Dar es Salaam kurekodi, mwaka wa themanini na tatu. Siku mbili kabla ya safari, Majidi akapata habari kwamba mke wake yuko hospitali ya Mbesa, uchungu umemshika na mtoto hatoki. Akaja nyumbani kwa Makarius kuaga, kwamba Dar haendi, anakwenda Mbesa. Na Makarius akamwambia: "Wake wapo wengi, Majidi. Kurekodi ni mara moja."

"Mimi nilikuwa mlangoni," mama alisema. "Nimeshika sinia la chai. Wimbo una jina langu, na mwenye wimbo anasema wake wapo wengi."

Mke wa Majidi alipona, mtoto hakupona. Bendi ilikwenda Dar bila yeye, wakamweka mtu mwingine, na yule wa mitambo akawaambia kuna mmoja wenu anakosea, nendeni mkajipange. Wakarudi. Makarius hakupiga tena ule wimbo, wala hakumtaja tena Majidi mbele ya watoto, wala hakwenda Namtumbo kumwomba radhi, ingawa kila mwaka alimwambia mama atakwenda tumbaku yao ikishauzwa.

"Na wewe ukakaa kimya miaka yote hii?" Asumpta aliuliza.

"Ulikuwa unauliza wimbo unapigwaje. Hukuniuliza kwa nini haupigwi." Mama akasimama, akajifunga kanga. "Nenda kamuulize mwenye nusu. Na hicho kitenge tafuta pa kukiunga, sivai gauni lenye shingo miguuni."

Alhamisi asubuhi Asumpta alikuwa Namtumbo, gitaa mgongoni, na saa nne bodaboda ilimshusha kwenye kijiji ambacho kila nyumba ilinuka tumbaku. Alimkuta Mzee Majidi chini ya banda la nyasi, amekaa kwenye mkeka, anachambua majani kwa madaraja, makubwa huku, yaliyotoboka kule. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, na vidole vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akaliona gitaa. Jani alilokuwa nalo mkononi halikwenda huku wala kule. "Wewe ni wa Makarius."

"Ndimi. Asumpta."

"Pua ni yake. Nilisikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akaendelea kuchambua. "Nilisikia siku ileile, na sikuja. Nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa na watu."

Asumpta alikuwa ameandaa maneno mazuri njiani, yote yakakimbia. Akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. "Mzee, mama kaniambia alichokwambia baba. Sikujua. Nimejua jana. Naomba radhi kwa niaba yake."

"Huwezi kumwombea radhi mtu aliyekuwa na mdomo wake," Majidi alisema, bila hasira. "Alikuwa na miaka arobaini ya kuja, na gari la Namtumbo linaondoka kila siku. Basi. Umekuja kwa ajili ya nini?"

"Mwanzo wa 'Kasiana'."

Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza. "Upige unavyoujua."

Asumpta akapiga meja naini ya Mwalimu Erasmus, do, mi, ti, re, safi kabisa.

"Kazuri," Majidi alisema. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wa hisabati."

"Inasikika. Huyo ni mtu mmoja anajifanya wawili." Akafuta vidole kwenye shuka lake, kimoja kimoja. "Baba yako alikufundisha nini siku ya kwanza? Ya kwanza kabisa."

Asumpta akaona aibu kidogo, kama mtu mzima anayeombwa kusoma irabu. Akaweka vidole vitatu kwenye nyuzi tatu nene, akihesabu vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa, cha tatu, cha tatu na cha pili, so, do, mi, akagonga mara nne, kavu. Akanyamaza. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne.

Majidi alikuwa ameacha majani.

"Na hizi nyembamba?" aliuliza.

"Alinipiga vikofi nikizigusa. Alisema si zangu."

"Si zako," Majidi alisema. "Ni zangu."

Jamani. Asumpta alikaa pale na mkono juu ya nyuzi, na ule mwiba wa samaki uliokaa kifuani miaka thelathini ukageuka upande, ukatoka. Mzee Makarius alikuwa amempa binti yake nusu yake yote, siku ya kwanza kabisa, kabla ya kumpa chochote kingine. Kilichobaki hakikuwa chake kumpa mtu. Alikuwa anampigisha mtoto wa miaka saba, wiki nzima, na kumwachia nafasi mtu ambaye hatakuja. Asumpta alijisikia vibaya kwa kila siku aliyomnunia, na alimkasirikia vilevile, maana si angesema tu?

"Lete hapa," Majidi alisema. "Mimi langu niliuza zamani. Lilaze."

Wakalilaza gitaa juu ya mkeka katikati yao, chali, kama mgonjwa. Asumpta akashika nyuzi zake nene huku mwanzoni mwa shingo. Majidi akaleta mkono wake mweusi kule juu, chuma cha saba, cha nane na cha saba, nyuzi tatu nyembamba.

"Ya kwangu ni kodi ya so, ya kawaida tu, so, ti, re. Ya baba yako ni kodi ya do, ya kawaida tu. Ukimuuliza mwalimu wako atakwambia hizo mbili hazipigwi pamoja, moja inamsubiri mwenzake atoke ndiyo iingie. Sisi siku moja ziligongana. Kwenye mazoezi, pale uani kwenu. Mmoja wetu aliwahi, au mmoja alichelewa kutoka. Tukaangaliana. Tukasema, rudia kosa hilo."

"Nani alikosea?"

"Tuligombana juu ya hilo mpaka mwisho. Yeye anasema nimewahi. Mimi nasema amechelewa. Gonga."

Asumpta akagonga mara nne, akaanza kuhesabu, na kabla ya moja kufika, kabla kabisa, kidogo tu, vidole vya mzee vikaingia. Ikafunguka. Do na mi chini zikiwa bado zinalia, ti na re zikazipandia kwa juu, na so, ile ambayo Mwalimu alisema itupwe, ilikuwa kwa wote wawili, nene kwake na nyembamba kwa mzee. Ndiyo hiyo! Ya kanda, yenyewe, mtu anayetazama njia na yote! Asumpta akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Wakairudia mara ngapi sijui. Mwishowe Majidi akaondoa mkono, akaurudisha kwenye majani.

"Njoo Jumamosi, mzee," Asumpta alisema. "Nitakutumia gari."

"Siji. Mguu wangu haukwenda kwake akiwa hai. Nikienda leo nitakuwa nakwenda kwa ajili ya watu waniangalie. Nusu yangu nakupa, kampe unayemtaka. Weka alama." Asumpta akatoa chaki ya cherehani mfukoni, hakosi chaki huyo, akachora vijistari pale vidole vya mzee vilipokuwa. "Na salamu zangu utamfikishia. Mwambie..." Akachukua jani, akaliangalia dhidi ya mwanga. "Mwambie niliwahi mimi."

Ijumaa mchana, nyumbani Matogoro, Mwalimu Erasmus aliitwa kushika nusu ya Majidi. Nani mwingine? Alikuwa na vidole safi na sikio zuri. Gitaa likalazwa mezani, vijistari vya chaki vikaonyeshwa, Mwalimu akakunja mikono ya shati. Asumpta akagonga mara nne. Mwalimu akahesabu kwa kichwa, na ilipofika moja, pale pale kwenye moja, akapiga.

Sauti zote zilikuwepo. Ilikuwa kama mlango unaofungwa vizuri.

"Wahi kidogo, Mwalimu."

"Niwahi kiasi gani? Nusu pigo? Robo?"

"Kidogo tu."

Mwalimu akawahi robo. Ikawa kosa, kosa la kweli. Akajaribu nusu ya robo. Maskini, mtu aliyetumia maisha yake yote kufika kwa wakati, leo anaombwa akosee, na hajui wa kumuuliza kipimo. Saa nzima ikapita. Jasho likamtoka, na Asumpta akawa anazunguka meza, anakaa, anasimama, anauma kucha. Kesho! Watu watakuwa pale kesho!

"Amechelewa," sauti ilisema kutoka jikoni.

Wakageuka.

"Sasa amewahi mno," sauti ilisema tena walipojaribu. Halafu: "Amechelewa."

"Mama," Asumpta aliita, "hebu njoo."

Mama Kasiana akatokea mlangoni na mwiko, unga mpaka kwenye kiwiko. "Nimewapikia ugali miaka mitatu wakigombana hapo uani, umewahi, umechelewa, umewahi, umechelewa. Hata nikiwa usingizini naisikia inapoingia." Akamwangalia Mwalimu. "Samahani, Mwalimu, wewe ni mtu mzuri. Inuka hapo."

Alinawa mikono. Akakaa. Hakuwahi kushika gitaa maisha yake yote, lakini ana vidole vya jembe, vigumu kuliko nyuzi zenyewe. Asumpta akamwekea kimoja kimoja kwenye vijistari vya chaki, na mama akabonyeza bila kukunja uso. Ila kabla ya kugonga, alimshika binti yake mkono.

"Mimi wimbo huu naujua, Asu, lakini siupendi. Ujue hivyo."

"Najua, mama."

"Haya. Gonga."

Jumamosi kulikuwa na baridi ile ya Matogoro inayoingia mpaka kwenye mifupa, ukungu ulikuwa haujatoka milimani, na watu walijaa kuanzia kaburini mpaka barabarani. Ibada iliisha, msalaba ukasimikwa, katekista akanyunyiza maji ya baraka. Halafu kila mtu akamgeukia Asumpta. Hakuna aliyekuwa amesahau, watu wa kwetu hawasahau ahadi ya msibani.

Asumpta alileta meza ndogo, akaiweka miguuni mwa kaburi, akalilaza gitaa. Minong'ono ikaanza. Mbona limelazwa? Ikazidi pale mama Kasiana, katika gauni lake la kitenge lenye kiraka kwenye upindo, aliposogea na kigoda chake na kukaa upande wa pili. "Yesu na Maria, na mama naye?" alisema mtu.

Mama hakujali. Aliutazama ule msalaba, jina limechongwa na mwaka.

"Makarius," alisema, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye bafuni. "Majidi anakusalimu. Anasema aliwahi yeye." Akasogeza kigoda. "Na mimi nilikuwa mlangoni siku ile. Nilikusikia. Nilitaka ujue kwamba nilikusikia."

Watu hawakuelewa. Asumpta mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba mama atainuka na kuondoka. Akaweka vidole vyake vitatu pale alipowekewa akiwa na miaka saba. Akagonga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha akaacha nafasi, hakuongeza kitu.

Na kabla ya moja kufika, mama aliingia.

Ilipanda juu ya lile kaburi, do ya baba chini na ti ya Majidi juu, ikaning'inia pale haitaki kukaa. Wazee wawili watatu waliowahi kucheza dansi za Luwegu Jazz wakashika vichwa vyao. Hapo ndipo mwimbaji anapotakiwa kusema jina, "Kasiana", ili kodi ishuke. Asumpta alifungua mdomo, sauti haikutoka, maana alikuwa anamwangalia mama yake. Mama alikuwa bado amebonyeza zile nyuzi nyembamba kwa nguvu zote, kucha zimekuwa nyeupe, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti, na kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Akasikiliza mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha, na ukimya ukaingia, na mtoto wa mtu akaanza kulia kule nyuma.

"Rudia," mama alisema.